Mama Mkwe, Rudi Baraka Upasuliwe

Mama yangu mpendwa, wewe uliyenizalia mume,

Barua hii nimeiacha bila bahasha kwa makusudi. Mama Alimasi, yule muuza ndagala anayepanda boti ya Kazimia kila soko, ataibeba mkononi, na kaka yako atakusomea barazani kwake kwa sababu macho yako yamechoka na herufi. Najua majirani watasogeza viti. Wasogeze tu. Kila mwenye tumbo asikilize, na mwenye kucheka acheke.

Ningekupigia simu, lakini simu yako ina ugonjwa wake. Nikiuliza habari za mihogo, rezo, yaani mtandao, ni safi kama maji ya mtungi. Nikitaja daktari tu, unaanza, "Alo? Alo? Sisikie kitu!" na inakatika. Baba Neema, mwanao, naye amepiga kutoka machimbo ya Misisi, ikakatika palepale. Basi nimeona niandike, kwa maana karatasi haina pa kukatikia.

Jambo ni lilelile, mama. Ule uvimbe wa kinenani. Daktari wa hapa Baraka aliugusa mwenyewe, akasema ni henia, akasema upasuliwe mapema ukiwa bado na nguvu zako, usingoje siku utumbo ukwame humo. Ulimwitikia vizuri sana, "Ndiyo, mwanangu." Ukafunga kitenge, ukasema unaenda kumsalimu kaka yako Kazimia mara moja tu. Karanga ulizoziacha zikichipua tumeshazila, na zilizofuata tumeshazila pia, na wewe bado unasalimu.

Ninaogopa, mama. Sikufichi. Naogopa kwa sababu najua tumbo likipasukia ndani linafanya nini, na wewe unajua vilevile, kwa sababu siku zile tulikuwa pamoja, bega kwa bega, kwenye benchi moja.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikaa kule juu, kijijini, njia ya kutoka Fizi kuteremkia ziwani. Mimi nilikuwa mkamwana ambaye bado anaonja chumvi mara mbili kwa kukuogopa. Neema, mjukuu wako wa kwanza, alikuwa ameanza shule. Na wewe ulikuwa mama wa puari. Kwa yule wa Kazimia asiyejua, puari ni ule mpira mwekundu wenye mdomo mrefu, wa kumwingizia mtu maji ya dawa kwa nyuma. Mtoto akikataa kula, puari. Akikohoa, puari. Akiwa na hasira, hata hiyo uliitafutia majani yake. Hapakuwa na mtoto kijijini ambaye makalio yake hukuyafahamu, na akina mama walikuheshimu kwa hilo, mimi pia nikiwemo.

Asubuhi ile Neema alisema tumbo linamuuma kitovuni. Alikataa uji. Jua lilipopanda maumivu yakahama, yakashuka chini upande wa kuume, akawa anatembea ameinama kama anatafuta sindano. Wewe ulikuwa umeshatwanga majani, umeshaweka pilipili, umeshajaza mpira.

"Lala kiubavu, mujukuu yangu. Ni minyoo tu, itatoka yote."

Mimi nikakumbuka maneno ya muuguzi wa kituo cha afya, yule aliyekuwa akitufundisha tulipokwenda kupima mimba. Alikuwa akiyarudia mpaka tunanung'unika: "Tumbo yenye kuuma hamuijue, musiipige puari. Kama kuko kitu inataka kupasuka mule ndani, ni nyie mutaipasula." Lakini muuguzi hakutufundisha namna ya kumwambia mama mkwe hapana. Kwetu mkamwana hamwambii mama mkwe hapana. Anasema ndiyo, halafu anatafuta njia.

Njia niliyoipata ni kuikalia. Uliiweka puari kwenye kigoda ugeuke kuchukua kitambaa, na mimi nikaketi juu yake kwa uzito wangu wote.

"We! Toka pale juu!"

"Mama, mi sitoke."

"Umeikalia dawa yangu!"

"Ndiyo, mama."

"Utoke, nakuambia!"

"Ndiyo, mama."

Na sikutoka. Maji ya pilipili yalinimwagikia kwenye kitenge, yakapita, yakafika mahali ambapo barua ya wazi haiwezi kupataja. Machozi yalinitoka. Ulidhani nalia kwa heshima yako. Mama, nilikuwa naungua! Lakini nilikaa mpaka mpira ukaisha maji, na wewe ukatoka nje ukiita watu waje waone mwanamke ambaye mwanao amewaletea.

Mchana likatokea lile lililotuchanganya wote. Maumivu yalipoa ghafla. Neema alijinyoosha, akaomba maji, hata akatabasamu. Akina mama wa kikundi cha sala walikuja, wakaimba, wakapiga makofi. Wewe uliniangalia kwa jicho la pembeni, ukasema, "Muliona? Hata bila dawa, Mungu amejibu." Nami nilishukuru kama wengine. Nani angejua kwamba tumbo linaloacha kuuma ghafla hivyo laweza kuwa limekwisha kupasuka?

Kesho yake asubuhi hatukuwa na wimbo. Tumbo lote lilikuwa linauma sasa, si upande mmoja. Mwili ulikuwa wa moto na vidole vya baridi. Alitapika maji ya kijani. Choo hakuna, hata upepo hautoki. Midomo ilimkauka, macho yakaingia ndani. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Neema, ambaye hajawahi kutulia hata kanisani, alikuwa amelala tuli, magoti ameyakunja, hataki kukohoa, hataki kugeuka. Nilipoketi ukingoni mwa godoro alipiga ukelele, kwa sababu godoro lilitikisika. Wewe uliweka kiganja juu ya tumbo lake, ukakiondoa haraka.

"Imekauka kama bao ya mulango," ulisema. Ndiyo mara ya kwanza niliona mikono yako ikikosa la kufanya.

Halafu ukauliza swali ambalo kila nyumba ya kwetu ingeuliza. "Neema, juzi ulikula kwa nani?"

"Kwa Mama Bukuru. Bugari na maharagi."

Mama Bukuru, jirani yetu, mkimbizi wa Burundi, aliyekuwa akilima kipande cha shamba chini ya letu. Hapo hapo mkono wako ukapata kazi. Ulisimama mlangoni, ukatamka neno karuho kwa sauti ya kusikika mpaka kwake: sumu, mtoto wetu amelishwa sumu. Ulitaka tumpeleke kwa mganga wa kutapisha sumu, kule mlimani, mbali na Baraka. Nikaona mwanangu anaondoka mikononi mwangu kwa njia mbili kwa mpigo.

Na unamkumbuka nani alikuja mbio na pikipiki? Baba Bukuru. Alikuwa ameyasikia yote. Aliisimamisha mbele ya mlango, hakuizima, akasema tu, "Tumufikishe mutoto kwanza. Kelele tutaipiga nyuma."

Ulisema huwezi kupanda pikipiki ya watu wenye kutuulia mtoto. Neema akaguna. Ukapanda. Ulikaa katikati, ukamlaza mapajani, na mimi nikajibana nyuma. Mama, njia ile ya kuteremka! Kila shimo lilikuwa kisu kwa Neema, na kila shimo wewe ulimpiga Baba Bukuru begani: "Polepole, we! Polepole!" Tulipoanza kuliona ziwa ulikuwa umeacha kumpiga, umemshika bega tu, na hukumwachia mpaka mlango wa hospitali.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Alibonyeza tumbo polepole, halafu akaachia ghafla, na Neema akalia zaidi kwa kuachiwa kuliko kwa kubonyezwa. Akatazamana na muuguzi. Kabla hajasema lolote wewe ulimwahi.

"Dokta, ni nani alimutilia ile kitu?"

"Hakuna muntu, mama. Ndani ya tumbo kuko kingozi chepesi chenye kufunika matumbo yote. Sasa pale chini, ku kuume, kuko kautumbo kadogo. Kamejiziba, kameoza, kamepasuka. Bucafu yote imemwangika ku kile kingozi, njo maana kimevimba chote. Ile tunaiita peritoniti. Tukimupasula sasa, tukamusafisha, tuko na tumaini. Tukingoja, hapana."

Halafu ukauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua unayo, "Na kama mi ningemupiga puari?"

"Ingepasuka mbele ya wakati, mama, na ingeenea mubaya zaidi."

Hukuniangalia. Lakini tulipokaa kwenye benchi kungoja, ulivuta kitenge chako ukanifunika nacho magoti, kwa sababu changu kilikuwa bado kinanuka pilipili. Tangu siku ile mimi si mkamwana wa kuonja chumvi mara mbili.

Walimfungua, wakamwosha tumbo lote ndani kwa maji mengi, wakamwachia mrija wa kutoa usaha. Kisha ikawa ni serumu, maji ya mshipani, na sindano, na sisi wawili tukilala chini ya kitanda chake kwa zamu. Chakula kilikuwa marufuku. Kila asubuhi daktari alipita akiuliza jambo moja tu: "Ameshatoa upepo?" Wewe uliona ni swali la aibu kwa mtu aliyesoma vile, mpaka muuguzi alipokueleza kwamba matumbo yakivimba hivyo husimama kazi, na upepo ndio habari ya kwanza kwamba yameamka. Kuanzia hapo ukawa unalinda kitanda kama askari. Na siku Neema alipojamba, mama, ulipiga vigelegele! Wodi nzima iliitikia bila kujua inaitikia nini. Neema alijifunika shuka usoni kwa haya, na mimi nilicheka mpaka nikalia. Mpaka leo sijasikia sauti tamu kama ile.

Katika wodi ile ndipo tulipojifunza kwamba njia za kufikia ugonjwa ule ni nyingi. Ng'ambo ya pazia alilala yule mchimba dhahabu wa Misisi, aliyekuwa akimeza vidonge vya mgongo kila siku bila kula, mpaka kidonda cha tumbo kikatoboka. Alisema ilikuwa kama mtu amemchoma mkuki, akaanguka palepale shimoni. Ulimrushia maneno mwanao siku ileile kwa simu: "Papa Neema, nikisikia unameza zile vidonge na tumbo mutupu, nitakuja huko Misisi na miguu!" Kulikuwa na mtoto ambaye homa ya tifoidi iliachwa nyumbani mpaka ikamtoboa utumbo. Na kulikuwa na yule mama wa Lulimba.

Nataka tuzungumze juu yake, kwa sababu najua ndiye unayemwona ukifumba macho. Alikuwa amejifungua, uchafu ukabaki tumboni, homa ikapanda, wakamkalisha nyumbani wakisema ni maziwa yanataka kushuka. Walipomfikisha Baraka tumbo lilikuwa limejaa. Alipasuliwa, hakurudi. Uliokota kile kikofia cha mtoto wake kilichoanguka, ukampa mama wa marehemu, ukaja kukaa karibu yangu, ukasema, "Kisu kimemumaliza."

Mama, kisu hakikummaliza. Njia ndefu ya kungoja ndiyo ilimmaliza. Neema alipasuliwa na mikono ileile, kwenye chumba kilekile, na Neema yupo. Mchimba dhahabu yupo, niliwahi kumwona sokoni akibishania bei ya viatu. Yule mtoto wa tifoidi alitoka kwa miguu yake. Unawaacha hao wote, unamshika mmoja aliyechelewa, na unataka kufanya kama yeye alivyofanyiwa.

Siku tuliporudi kijijini ulichukua kuku wako jike, yule mwekundu, ukaenda naye kwa Mama Bukuru. Nilikuwa nyuma ya ua nasikiliza. Hukutaja karuho, hukuomba lolote. Ulisema, "Hii kuku inanisumbua kwangu. Mukae nayo." Mama Bukuru akajibu, "Asante, mama. Hata kwetu itasumbua." Halafu nikasikia mnacheka. Leo nao wamehamia huku Baraka, na kila tukikutana kisimani ananiuliza, mama yetu anarudi lini? Anasema hivyohivyo, mama yetu.

Sasa nisikilize, na kaka yako asome pole pole hapa. Mama Alimasi ameniambia anakuona ukiusukuma uvimbe kwa vidole ili urudi ndani, halafu unaendelea kupukuchua mahindi. Siku uvimbe unarudi ndani, umepona kwa siku hiyo. Siku utakataa kurudi, ukawa mgumu na unauma, ukaanza kutapika, tumbo likajaa, choo na upepo vikakataa, hiyo si siku ya kusukuma. Si ya majani, si ya kula, si ya kungoja kikundi cha sala kimalize. Utumbo uliobanwa hukosa damu, hufa, hupasuka, na hapo tunarudi palepale kwa Neema, isipokuwa wewe si mtoto wa mwili mpya. Kaka yako na wote mnaosikiliza, mkiona hivyo mbebeni apate boti ya kwanza. Msimuulize anataka nini, atawaambia uongo.

Nilikuwa nimefika hapa, nimeridhika na hoja zangu, nikampelekea Mama Alimasi barua pwani. Alikuwa anapakia vikapu. Akataka nimsomee kwanza yeye mwenyewe, akasikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Mama Neema, umeandika muzuri, lakini haumujui bado. Haogope kufa, ule. Aliniambia: 'Mi niko na mutoto mwanaume tu. Mabinti bangu Mungu alibachukua. Pale bananipasula, nani ataniosha? Mukamwana? Mukamwana aone buchi wangu? Afazali nikufe na nguo yangu.'"

Nilirudi nyumbani na barua yangu mkononi, nikakaa chini. Mama yangu. Kumbe ndilo hilo. Umekaa huko mwaka mzima na henia yako, si kwa kuogopa kisu, bali kwa kuogopa macho yangu. Na ni kweli, sitakuosha. Hata ukiniomba, mikono yangu ingekataa, kwa maana najua mkamwana asivyotakiwa kuona. Nililia kidogo, kwa uchungu na kwa kukupenda, halafu Neema akaingia kutoka kazini akaniuliza kuna nini.

Neema sasa ni fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na soko, na watu wanapanga mstari. Nilimweleza. Hakuona tatizo liko wapi. Alicheka jinsi wajukuu wanavyocheka bibi zao, akasema, "Mama, koko ni muke mwenzangu. Mi na yeye tuko na haya gani? Nitamuosha mi, nitamupaka mafuta, na nitamuchokoza." Mjukuu na koko, bibi yake, hawaoneani haya, mama, hiyo ni sheria yako mwenyewe, ulinifundisha wewe. Kwa nini hukumfikiria yeye? Nadhani bado unamwona mdogo, amelala na mrija.

Kesho yake alikwenda hospitali kwa miguu yake kuzungumza na muuguzi mkubwa, mwanamke wa makamo kama mimi. Muuguzi alimwambia kwamba mgonjwa anavuliwa na wanawake, na kwamba mle ndani wanafunika mwili wote kwa vitambaa vyao, wanaacha wazi mahali pa kazi tu. Kwa wodini, akasema, mleteeni vazi lake analolipenda, mradi lifunguke kwa urahisi.

Basi Neema amelishona. Ni vazi la kitenge cha maua ya njano, rangi yako, la kushuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, lenye mikono mirefu na kola. Linafungwa kwa kamba upande mmoja, chini, pale pa henia, na hata hapo ameweka kipande cha kufunika juu yake. Ukilivaa, daktari ataona kidonda chake, na dunia nzima haitaona kitu kingine. Amelipima kwa kukukumbuka tu, mikono akiitanua hewani mbele ya kioo. Limening'inia nyuma ya mlango ninapoandika, na kila anayeingia anauliza ni la harusi ya nani.

Usijibu barua hii kwa barua. Shuka na Mama Alimasi soko lijalo. Sisi tutakuwa pwani, mimi nitapokea mzigo wako, na Neema atakupokea wewe. Anasema kama umenenepa kwa samaki wa Kazimia usiwe na wasiwasi, ameacha kitambaa cha akiba kwenye mishono.

Mimi, mke wa mwanao,
Mama Neema